Pointi 66 si nyingi kuliko 57: kisa cha timu ya vikapu ya Kisumu na kocha wake mpya

Mechi tisa baada ya kocha mpya kukabidhiwa timu, matokeo ni ushindi mara nne na kushindwa mara tano. Msimu uliotangulia, chini ya mwalimu wa zamani, baada ya mechi tisa ilikuwa vilevile: nne na tano. Kama mambo yangeishia hapo, mashabiki wangesema tu kwamba hakuna kilichobadilika, wakaenda zao kula samaki. Lakini kila mwenye macho anaona kwamba mchezo wenyewe umebadilika kabisa. Timu iliyokuwa ikitembea sasa inakimbia, na mashabiki wamegawanyika kama soko la Kibuye siku ya Jumapili, kila mtu na bei yake.

Timu hatuitaji kwa jina, na tarakimu zake zimepangwa kwa mfano ili hesabu ifuatike. Mwenendo wake, hata hivyo, atautambua yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa vikapu Kisumu, Kakamega au Nakuru Jumamosi jioni. Ni timu ya wanaume ya daraja la chini ya ligi kuu. Wachezaji kumi na wawili wameandikwa kwenye karatasi ya mechi, lakini wanane tu ndio wanaoaminiwa. Uwanja wa nyumbani ni wa saruji, hauna paa wala taa, na ziwa liko karibu kiasi cha kusikia upepo wake.

Mwalimu wa zamani alicheza zoni ya 2-3: wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja akilinda eneo lake. Kwenye ushambuliaji mpira ulipelekwa taratibu hadi kwa senta, bwana mrefu mwenye mgongo mpana, naye akaamua. Kocha mpya ameivunja nyumba yote. Wanakaba mtu kwa mtu uwanja mzima, wachezaji wote watano wanasimama nje ya mstari wa pointi 3, na mtupo unatakiwa upatikane ndani ya sekunde kumi za kwanza kati ya zile 24 ambazo timu hupewa kushambulia.

Vijana wanaosimama nyuma ya ringi wanashangilia. Hoja yao ni moja: zamani timu ilifunga wastani wa pointi 57, sasa inafunga 66. Wazee wa upande wa kivuli wanatikisa kichwa. Hoja yao nayo ni moja: zamani tulifungwa 60, sasa tunafungwa 70. "Kijana wangu," utamsikia mmoja akisema, "hiyo mnayoiita kasi ni mlango ulioachwa wazi." Na kijana atajibu, "Mzee, heshima yako, lakini zamani tulikuwa tunalala hapa."

Pande zote mbili zina tarakimu sahihi. Pande zote mbili zinasoma tarakimu hizo vibaya.

Zamu za mpira

Pointi kwa mechi hazisemi mengi mpaka ujue timu ilipata mpira mara ngapi. Kila timu inapoushika mpira mpaka ikafunga, ikaupoteza, au mpinzani akachukua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, hiyo ni zamu moja. Timu inayotembea huwa na zamu chache. Inayokimbia huwa na nyingi, na mpinzani wake vilevile, kwa sababu zamu hupokezanwa. Kwa hiyo timu ikianza kukimbia, pointi za pande zote mbili hupanda hata kama hakuna aliyeboreka wala aliyeharibika.

Zamu hazihitaji mashine. Chukua mitupo yote ya kikapu, iliyoingia na iliyokosa. Ongeza mitupo huru, ile inayotolewa kwa sababu ya faulo, ikizidishwa kwa 0.44. Toa ribaundi za ushambuliaji, maana hizo zinaendeleza zamu ileile. Ongeza mipira iliyopotea. Ile 0.44 huwasumbua wengi, wakiuliza mbona si nusu, ikiwa mitupo huru huja miwili miwili. Sababu ni kwamba mingine huja mmoja mmoja, kwa mfano baada ya mchezaji kufunga huku akichezewa faulo, na huo hauanzishi wala kumaliza zamu mpya.

Msimu wa mwalimu wa zamani, wastani wa mechi ulikuwa mitupo 58 na 23 ikaingia, mitatu kati ya hiyo ikiwa ya pointi 3. Mitupo huru 14 na 8 ikaingia. Ribaundi za ushambuliaji 12. Mipira iliyopotea 15. Hesabu inatoa zamu 67. Pointi 57 kwa zamu 67 ni 0.85 kwa kila zamu. Wapinzani walipata 60 kwa zamu hizohizo, yaani 0.90.

Chini ya kocha mpya: mitupo 66 na 25 ikaingia, saba ikiwa ya pointi 3, mitupo huru 15 na 9 ikaingia, ribaundi za ushambuliaji 10, mipira iliyopotea 21. Zamu zimepanda hadi 84. Pointi 66 kwa zamu 84 ni 0.79. Wapinzani 70 kwa 84 ni 0.83.

Sasa tazama. Ushambuliaji ambao vijana wanaushangilia umeshuka kutoka 0.85 hadi 0.79. Ulinzi ambao wazee wanauzika ndio ulioimarika: mpinzani alikuwa akivuna 0.90 kila apatapo mpira, sasa anavuna 0.83. Anayesifu anasifu palipoharibika, na anayelaumu analaumu palipotengenezwa. Nakisi ya jumla imebaki karibu ileile, ndiyo maana jedwali nalo limebaki palepale.

Panapovuja

Mmarekani Dean Oliver, aliyeanza uchambuzi wa aina hii mapema kuliko wengi, aliugawa ushindi katika mambo manne na kuyapa uzito: ubora wa mitupo asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, na mitupo huru 15. Uzito huo si sheria ya Musa, lakini mgawanyo wenyewe ni dawa nzuri ya ugomvi wa kando ya uwanja, kwa sababu unamlazimisha mtu aseme tatizo liko wapi hasa.

Ubora wa mitupo hupimwa kwa kuongeza nusu ya mitupo ya pointi 3 iliyoingia kwenye jumla ya iliyoingia, kisha kugawa kwa mitupo yote. Zamani ilikuwa asilimia 42, sasa ni 43. Hakuna habari hapo. Mitupo huru iliyoingia ikilinganishwa na mitupo ya kikapu haijabadilika pia. Yanabaki mawili.

La kwanza ni mipira inayopotea. Kutoka 15 hadi 21 inaonekana ni kwa sababu zamu zimeongezeka, na kwa sehemu ni kweli. Lakini hata ukirekebisha kwa zamu, imetoka karibu asilimia 22 hadi 25. La pili ni ribaundi za ushambuliaji. Zamani timu ilikosa mitupo 35 kwa mechi na kuokota 12, kama theluthi moja. Sasa inakosa 41 na kuokota 10, robo tu. Sababu haihitaji darubini: senta, aliyekuwa akisimama chini ya ringi, sasa amesimamishwa mita saba nje kama mlinzi wa benki. Mpira ukigonga chuma, yeye ndiye wa mwisho kufika.

Hapa wazee wako sahihi, ingawa kwa sababu wasiyoitaja. Wao husema senta amevunjiwa heshima. Heshima kando, timu imepoteza ribaundi nne hivi kila mechi.

Thamani ya mipira inayopotea ni rahisi kupima. Ondoa zamu 21 zilizopotea kwenye 84, zinabaki 63, na pointi 66 zote zilitoka humo. Maana yake kila zamu ambayo timu haikuupoteza mpira ilileta pointi 1.05. Ukiokoa mipira mitano tu kwa mechi, yaani ukashuka kutoka 21 hadi 16, unapata pointi tano na ushei. Timu inashindwa kwa wastani wa pointi nne. Na hapo hatujahesabu vikapu vya bure anavyopata mpinzani akinyakua mpira katikati ya uwanja na kukimbia peke yake.

Robo ya nne

Wastani wa mechi nzima huficha jambo moja kubwa. Ukikata mechi kwa robo, timu hii inashinda robo ya kwanza 18-16, ya pili 17-16, na ya tatu inatoka sare ya 17. Baada ya dakika 30 inaongoza kwa pointi tatu. Robo ya nne inafungwa 21-14. Mipira inayopotea inakwenda 4, 4, 5, kisha 8.

Kwa hiyo kocha ana timu nzuri ya dakika 30. Mchezo ni wa dakika 40.

Wengi husema ni moyo, wengine husema ni uchawi wa ugenini. Ni miguu. Mechi ya dakika 40 yenye wachezaji watano uwanjani ina dakika 200 za kugawa. Watano wa kwanza wanacheza dakika 33 kila mmoja, jumla 165, na waliobaki watatu wanagawana 35. Mgawanyo huo ulifaa enzi za zoni na zamu 67. Ukikaba mtu kwa mtu uwanja mzima kwa zamu 84, ni sawa na kuongeza mechi ya tano kwa kila mechi nne, kwa miguu ileile. Mchezaji aliyechoka hakosi tu kukimbia. Anasimama wima badala ya kupinda magoti, pasi yake inapungua kasi, na anaitoa kwa mkono mmoja. Kati ya ile mipira minane ya robo ya nne, mingi hupotea kwa njia moja: mchezeshaji amebanwa na wawili kwenye kona ya mstari wa kati, sekunde nane za kuvuka nusu zinayoyoma, naye anarusha pasi ndefu ya kukata uwanja. Pasi hiyo inaelea. Mpinzani anaisubiri kama daladala.

Faulo nazo zimo humohumo. Aliyechelewa kwa hatua moja hukaba kwa mkono. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, kila faulo ya ulinzi ni mitupo huru miwili, na timu inayokaba uwanja mzima inaweza kufika huko kabla robo haijafika katikati. Mchezaji mwenye faulo nne, akijua ya tano inamtoa, huacha kukaba. Unabaki na presi, yaani ule ukabaji wa uwanja mzima, ya watu wanne, na presi ya watu wanne ni zawadi.

Halafu kuna ratiba. Timu za mbali mara nyingi hucheza Jumamosi na Jumapili mfululizo ili safari moja izae mechi mbili. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, na Mombasa ni zaidi ya mara mbili yake. Presi ya Jumamosi inalipiwa Jumapili. Anayetaka kumhukumu kocha huyu kwa haki atenganishe mechi za Jumamosi na za Jumapili kabla ya kufungua mdomo.

Mazoezi yenyewe ni jioni tatu kwa wiki. Yanaanza saa kumi na moja kasorobo, na giza linaingia saa moja kasorobo. Karibu na ikweta jua halina mzaha wa misimu. Wenye kazi wanafika saa kumi na moja unusu. Ukiondoa kupasha mwili moto, kikosi kizima kinakuwa pamoja kwa muda wa saa moja, mara tatu kwa wiki. Ndani ya saa hizo tatu kocha ameamua kufundisha ulinzi mpya na ushambuliaji mpya kwa pamoja. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa lake kubwa, kubwa kuliko mtindo wenyewe. Ulinzi ungeanza peke yake kwa wiki nane, huku ushambuliaji wa senta ukiachwa ulivyo, mashabiki wangeona kitu kimoja kikikua badala ya viwili kugongana.

Huwa kuna anayejibu kwa mfano wa timu ya taifa. Februari 2021 Morans waliifunga Angola 74-73 mjini Yaoundé chini ya Liz Mills kutoka Australia, aliyekuwa mgeni kabisa kwenye kiti, na mwaka huohuo wakacheza AfroBasket Kigali, mara ya kwanza tangu 1993 walipoiandaa Nairobi. Mfano mtamu, ila hauingii hapa. Timu ya taifa hukusanya watu ambao tayari wanalipwa kucheza, wengine nje ya nchi, na huwaweka kambini siku nzima. Fundi huyo hakuwa akishindana na giza.

Mbona nyumbani ndiko kubaya zaidi?

Hili huwashangaza watu. Kati ya mechi tisa, tano zilikuwa nyumbani. Timu inarusha mitupo 26 ya pointi 3 kila mechi, popote ilipo. Nyumbani inaingia mitano kwa wastani. Ugenini inaingia tisa. Yaani wanaokaa Kisumu kila mechi ya nyumbani wanaona mrushaji mbaya, na wachache wanaosafiri na timu wanaona mrushaji wa kawaida. Ndiyo sababu nyingine wanagombana: hawajaona mechi zilezile.

Uwanja una mambo matatu. Upepo wa ziwa huanza mchana na kushika kasi saa tisa hadi saa kumi na moja, saa zilezile za mechi. Mtupo wa karibu hauathiriki sana; wa mbali, unaopanda juu na kukaa hewani, unasukumwa. Ringi zilichomelewa na mafundi wa jua kali na hazina springi, kwa hiyo mpira ukigonga hauvunjwi nguvu: unaruka mbali. Mtupo wa pointi 3 uliokosa kwenye ringi ngumu huzaa ribaundi ndefu, na ribaundi ndefu humwangukia mlinzi wa mbele wa mpinzani ambaye tayari ameelekea upande wa pili. Vikapu vingi vya mbio ambavyo wazee wanaviita uzembe wa ulinzi huanzia hapo, kwenye chuma.

La tatu ni mstari. FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, ilisogeza mstari wa pointi 3 kutoka mita 6.25 hadi 6.75 mwaka 2010, na viwanja vya zamani ambavyo havikuchorwa upya bado vina ule wa zamani. Uwanja huu ni mmoja wao. Siku za mechi wa 6.75 huwekwa kwa chaki. Mazoezini wachezaji husimama pale miguu ilipozoea. Nusu mita ni ndogo kwa macho, lakini mkono uliozoea 6.25 hufikisha mpira ukingo wa mbele wa ringi. Ukitazama mechi ya nyumbani, hesabu mitupo inayokosa kwa kupungua na inayokosa kwa kuzidi. Ya kupungua ni mingi mno.

Dogo, lakini linasahaulika: mipira. Ikipulizwa Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hadi psi 8, kisha ikapandishwa Nakuru kwenye mita 1,850, kipimo kitasoma karibu psi 9, kwa sababu hewa ya nje imepungua shinikizo. Mpira unakuwa mgumu na unaruka zaidi. Pampu na kipimo visafiri na timu, na jaribio la zamani halijafa: dondosha mpira kutoka mita 1.8, urudi kati ya mita 1.2 na 1.4.

Je, mitupo hii ya mbali ina faida basi? Kwa jumla inaingia 7 kati ya 26, asilimia 27, yaani pointi 0.81 kwa mtupo. Ya ndani inaingia 18 kati ya 40, asilimia 45, pointi 0.90. Ili ya nje ilingane na ya ndani inahitaji asilimia 30, ambayo ni 8 kati ya 26. Kikapu kimoja zaidi kwa mechi. Wanaotaka mitupo hiyo ipigwe marufuku wanagombania kikapu kimoja, na nyumbani hicho kikapu kiko kwenye rangi na upepo kuliko kwenye akili ya kocha. Suluhisho la nyumbani ni kurusha 18 badala ya 26, ugenini abaki alivyo.

Taimauti na jedwali

Lawama ya taimauti, yale mapumziko mafupi anayoomba kocha, ina msingi. Kila timu ina mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili. Za nusu ya kwanza zisipotumika haziendi nusu ya pili. Katika zile tatu, zikibaki dakika mbili za robo ya nne ni mbili tu zinazoruhusiwa. Ukifika hapo ukiwa bado na tatu, moja imeungua. Kocha huyu, anayeamini mbio zisikatizwe, amekuwa akifika hapo na tatu. Kwa timu inayochoka, taimauti ya dakika ya tano ya robo ya nne ni pumzi ya dakika nzima inayotupwa. Zikibaki dakika mbili au pungufu, taimauti inayoombwa na timu yenye haki ya kurusha mpira kutoka upande wake humruhusu kocha kuchagua mpira uanzie upande wa mbele. Hapo hakuna sekunde nane wala kona ya kubanwa. Kwa timu inayopotezea mpira kwenye kona hiyo, hii ni dawa ya bure.

Jedwali nalo husomwa kwa macho ya kandanda, na mji huu umelelewa na kandanda. Kwenye vikapu ushindi ni alama 2, kushindwa ni 1, na kutofika uwanjani ni 0. Timu yetu, nne kwa tano, ina alama 13. Jirani aliyecheza mechi saba tu, akashinda sita na kushindwa moja, ana 13 pia. Wanaosema "tuko sawa nao" wamehesabu alama za kushindwa kama mafanikio. Tazama ushindi ukigawanywa kwa mechi.

Kinachoweza kubadilishwa bila kumfukuza mtu

Presi isiwe ya kila wakati. Ianzishwe tu baada ya timu kufunga kikapu au mchezo unapoanza tena baada ya kusimama, nafasi ambazo kila mlinzi anapata sekunde ya kumtafuta mtu wake. Baada ya mtupo uliokosa, wote warudi nyuma na kukaba mtu kwa mtu nusu uwanja. Zamu zitashuka hadi kama 75. Kitakachoumia ni mipira inayonyakuliwa; itapungua, na nyuma ya ringi kutakuwa na kelele kidogo.

Senta arudi ndani, wanne wabaki nje. Asimame kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, apate mpira akiwa anatazama ringi. Zaidi ya hayo, mpinzani akibana mchezeshaji, senta apande hadi katikati ya uwanja na kunyoosha mikono. Ni mrefu, pasi ya juu kwake ni fupi na haipiti mikononi mwa mtu. Hapo pasi ya kukata uwanja inakufa, na pamoja nayo nusu ya mipira ya robo ya nne. Hatari ni kwamba senta atataka kupiga chenga nao. Asiruhusiwe hata mdundo mmoja: apokee, ageuke, atoe.

Wachezaji wawe kumi. Mabadiliko ya kwanza dakika ya nne ya robo ya kwanza, na asiwepo anayecheza zaidi ya dakika sita mfululizo. Wa tisa na wa kumi watafanya makosa, na yafanywe robo ya pili, timu ikiwa bado na miguu ya kuyafidia. Kocha wengi hushindwa hapa, kwa sababu makosa ya wa kumi huonekana na uchovu wa wa kwanza hauonekani mpaka umechelewa.

Mashabiki wanaotaka kujua kama hili linafanya kazi wakae watatu na daftari. Wa kwanza aandike mitupo: umbali na kama imeingia. Wa pili aandike mipira iliyopotea, dakika na mahali, akichora uwanja mdogo na kuweka alama. Wa tatu aandike ribaundi za ushambuliaji na mitupo huru. Wafanye hivyo kwa timu zote mbili; anayehesabu timu yake tu atarudi kwenye ugomvi uleule wa 57 na 66. Mechi tatu hazitoshi, moja ikiwa ya Jumapili zitapotosha kabisa. Sita zinaanza kusema. Cha kutazama ni mipira iliyopotea robo ya nne ishuke kutoka 8 hadi 5, na pointi za mpinzani kwa zamu zisipande juu ya 0.85. Za kwanza zikishuka na za pili zikapanda, presi ilikuwa ndiyo iliyobeba ulinzi wote, na wazee watakuwa na haki ya kuidai zoni.

Na mstari uchorwe. Pima mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho, katikati ya uwanja: hapo ndipo chini ya kitovu cha ringi. Piga msumari wa zege, funga kamba isiyonyumbuka, na pima mita 6.75 hadi ukingo wa nje wa mstari, kwa sababu mstari wenyewe una upana wa sentimita 5. Pembeni tao halifiki ukingo wa uwanja. Linakutana na mistari iliyonyooka sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, karibu mita 3 kutoka mstari wa mwisho. Mstari wa zamani ufutwe kwa rangi ya saruji, la sivyo macho yataendelea kuufuata. Kazi ianze asubuhi. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri, na rangi iliyonyeshewa haina mstari wowote.